UZI: Filamu ya mpaka Tunduma–Nakonde, matabaka yaonekane bila kuhubiri

Jicho la Vwawa

Habarini wanajamvi. Uzi huu ni wa wanaoandika au wanaojiandaa kupiga drama ya mpaka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Skripti nyingi za aina hii zina ugonjwa mmoja: tajiri ana jumba na suti, maskini ana shati lililochanika, mpaka ni geti lenye askari mkali, halafu mapenzi yanaruka geti. Ukiipeleka filamu hiyo Tunduma, watu watacheka sehemu ambazo hazichekeshi.

Geti la Tunduma halina drama hiyo tena. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Oktoba 2019, maofisa wa Tanzania na Zambia wanafanya kazi chini ya paa moja na msafiri anasimama mara moja. Mji wenyewe haukugawanyika kama ramani inavyodai. Nyumba za Tunduma na Nakonde zimesogeleana, Wanyamwanga wako pande zote mbili, na mstari uliwekwa na Waingereza na Wajerumani kwenye mkataba wa 1890 bila mtu kuulizwa shamba lake linaishia wapi. Kwa hiyo swali la "atavuka au hatavuka" halibebi filamu. Watu wanavuka kutwa.

Kinachotenganisha watu pale ni kusubiri. Nani anasubiri, anasubiria wapi, na hasara ya kusubiri inaingia mfuko wa nani.

Chukua lori moja la salfa linalokwenda migodi ya shaba ya Copperbelt, Zambia, likwame siku tatu. Mwenye lori yuko Dar, kwake siku tatu ni ujumbe kwenye simu. Wakala wa forodha ana mafaili mengi mezani, hilo ni moja tu. Dereva alishapewa posho ya safari kwa mkupuo, kila siku inayoongezeka anaikata humo humo. Tingo, yaani msaidizi wa dereva, hana posho, anakula kwa dereva. Mama ntilie anawalisha wote wawili kwa mkopo, anaandika kwenye daftari, na lori likipata ruhusa saa nane usiku linaondoka, daftari linabaki. Hasara ni ile ile, ila kila ikishuka ngazi moja inazidi kuwa nzito kwa anayeipokea. Hapo una dakika 90 bila mhusika yeyote kutamka "sisi maskini".

Onyesho moja nilifafanue, maana ndilo linaweza kubeba ufunguzi. Shaba inayoshuka kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar ni nzito kuliko macho yanavyoamini: mita moja ya ujazo ina karibu tani 9. Mzigo wa tani 30 haufiki hata mita 3.5 za ujazo. Kwenye tela la wazi la mita 12 vibao vya shaba vinakaa chini kabisa kama mikeka iliyorundikwa, turubai juu, sili pembeni. Kwa bei ya dunia ya mwaka 2024, iliyokuwa ikicheza kwenye dola 9,000 kwa tani, hapo kuna takriban dola 270,000, na kwa macho ni tela tupu. Sasa mpitishe pembeni yake kijana aliyefunga madumu matupu 20 ya lita 20 mgongoni. Hayazidi kilo 20 hivi, lakini yanaziba lori zima.

Usiipige kwa lenzi ndefu ya kuvuta mbali, maana itamfuta mmoja wao. Tumia milimita 35, kamera iwe kwenye usawa wa sakafu ya tela, f/8 ili vyote viwili viwe kwenye fokasi, na usiisogeze. Lori limesimama, kijana anaingia kushoto anatoka kulia, tela linaonekana tena. Sekunde 20. Usiweke muziki.

Wajuzi wa forodha, sauti, mavazi na uhariri karibuni mjazie.

---

Tingo Mstaafu

Nimeweka kambi. Uzi umekaa vizuri.

---

Wakala wa Mpemba

Mkuu, hoja ya kusubiri naiunga mkono, ila waandishi wengi wanakosea NAMNA ya kusubiri. Wanaandika dereva amepanga foleni dirishani na karatasi mkononi, anagombana na ofisa. Hilo halipo. Makaratasi ni ya wakala, na kazi kubwa inafanyika kwenye mfumo kabla lori halijafika. Dereva anapigiwa simu: "bado", "bado", "subiri kidogo", "songa mbele". Drama yake ni simu, tena mara nyingi simu isiyoita.

Skripti inahitaji sababu halisi ya kukwama, siyo "rushwa" kila mara. Ninazozipenda mimi kwa filamu ni hizi. Namba ya sili kwenye makaratasi imetofautiana na ya mlangoni kwa tarakimu moja: kosa la mtu aliyechapa akiwa ofisini mbali, anayelala kwenye lori ni mwingine. Au uzito. Kikomo cha lori zima nchini ni tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori linaweza kuwa chini ya 56 kwa jumla na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umekaa nyuma sana. Hapo kuna tozo, au mzigo unapangwa upya, na wanaoupanga ni vijana wa kutwa. Sababu ya tatu ni malipo: mwenye mzigo hajalipa, anasema amelipa, wakala anajua hajalipa, dereva hajui lolote.

Ya tatu ndiyo bora kwa drama, kwa kuwa watu watatu wana taarifa tofauti na wote wanaongea kwa adabu.

Halafu tusisahau mchuuzi mdogo. Mama mwenye magunia mawili ya mchele naye anasubiri, ila yeye hana mtu wa kumpigia. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, Zambia bado imo. Nchi zote mbili zinakutana SADC, sisi tukiwa pia Afrika Mashariki. Ule utaratibu mwepesi wa COMESA wa wafanyabiashara wadogo, unaofanya kazi kati ya Zambia na Malawi, yeye haumgusi. Ndiyo maana njia ya panya ipo. Kwenye filamu msiifanye ya magaidi usiku wa manane. Ni mama mchana kweupe, ndoo kichwani, anasalimiana na watu.

---

Binti wa Mwanjelwa

Wakuu naomba kuuliza, vibali vinaanzia wapi? Na je, ukipata cha Tanzania unaweza kupiga mpaka Nakonde?

---

Jicho la Vwawa

Hapana dada, kibali cha huku hakivuki. Upande wa pili ni serikali nyingine, unaomba kwao.

Kwa huku, sheria mama ni ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 pamoja na marekebisho na kanuni zake. Bodi ya Filamu inataka skripti KABLA ya kupiga, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla haijaonyeshwa hadharani. Wengi wanapeleka muhtasari wa kurasa mbili halafu wanashangaa wanarudishwa. Peleka skripti kamili, yenye maonyesho yote ya mpakani yakionyesha wazi nani amevaa sare na anafanya nini.

Kibali cha Bodi hakikupi ruhusa ya kuingia eneo la forodha. Hilo ni eneo la ulinzi, lina TRA (Mamlaka ya Mapato), Uhamiaji na Polisi, na kila mmoja anataka barua yake. Anza na ofisi ya mkurugenzi wa mji wa Tunduma kupitia afisa utamaduni, nakala kwa mkuu wa wilaya ya Momba, ndipo uende kwa wakubwa wa kituo. Sare nazo zina ruhusa yake kutoka taasisi husika. Ukimvalisha mwigizaji sare ya Uhamiaji ukamwacha atembee kununua vocha, wewe na yeye mtalala ndani. Droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na karibu na mpaka ushauri wangu ni kuisahau kabisa.

Vifaa vikivuka, andika orodha yenye namba za seri za kila kitu: kamera, lenzi, maiki, betri kubwa. Igongwe muhuri forodhani wakati wa KUTOKA. Usipofanya hivyo, wakati wa kurudi unarudi na bidhaa mpya machoni pa sheria, na utatakiwa kuthibitisha ulizinunua wapi.

Njia ya watu wenye bajeti ndogo: mandhari pana ya malori ipige Tunduma ukiwa nje ya eneo la forodha, kwa ruhusa ya mtaa. Dirisha la ofisi, kizuizi cha bomba na foleni ya watu watano vijenge Mlowo au Mbalizi. Mtazamaji anahitaji kuona mpaka halisi mara mbili tu, baada ya hapo ataamini kibao na bomba lenye rangi nyekundu na nyeupe.

---

Maiki ya Uyole

Picha mtaipata. Sauti ndiyo itawaua.

Tunduma ni injini zinazounguruma bila kuzimwa, breki za upepo, honi, jenereta na spika za maduka. Ngurumo ya injini iko chini sana, kwa hiyo kwanza washa kikata-besi kwenye maiki au kinasa, kuanzia hezi 80. Itaondoa sehemu kubwa bila kugusa maneno. Kinachobaki msitegemee programu ikisafishe, ukiibana sana inakula na sauti ya mwigizaji.

Adui mbaya kuliko injini ni lori la friji. Kompresa yake inawaka na kuzima yenyewe. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kupiga onyesho, ina mlio, ya pili haina, ukiziunganisha kila mtu anasikia. Kabla ya kuweka kamera tembea mita 100 kila upande uone kama kuna la friji. Kama lipo, hamisha onyesho. Usimwombe dereva azime, mzigo wake utaharibika na atakuwa na haki ya kukutukana.

Mpangilio unaofanya kazi: zile picha pana piga barabarani bila kujali mazungumzo. Zile za karibu za watu wakiongea zipige kwenye yadi tulivu, nyuma yao ukiweka ubavu wa tela. Halafu chini yake unatandaza sauti halisi ya barabara uliyorekodi peke yake. Kila eneo rekodi sekunde 60 za ukimya wa hapo, watu wote wasimame kama walivyo, asiongee mtu. Kinasa kiwe hezi 48,000, biti 24, vilele vya sauti vicheze kwenye desibeli 12 chini ya sifuri. Wakipiga kelele kwenye ugomvi una nafasi ya kupumua.

Baridi ya huku ina tatizo lake. Juni na Julai kila mwigizaji yuko ndani ya jaketi la nailoni, na nailoni inachakarisha maiki ya kubana kila akipumua. Vaeni sweta za sufu au koti la pamba, maiki ikae upana wa kiganja chini ya kidevu, waya ufanyiwe kitanzi na ubanwe kwa plasta ndani ya nguo. Kama jaketi ni lazima kwa mhusika, tumia buumu, maiki ya kwenye mti mrefu.

Na muziki wa baa! Mkirekodi mazungumzo huku spika inapiga wimbo wa msanii, mmejifunga mara mbili. Hamwezi kukata katikati ya sentensi bila wimbo kuruka, na haki ya ule wimbo si yenu. Ombeni spika izimwe, wimbo wenye ruhusa mtauweka mezani kwa edita.

---

Kontinyuti Hailali

Mmesahau saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mtu akitoka Tunduma saa mbili asubuhi, akifika ng'ambo ni saa moja. Kwenye skripti hii ni zawadi: binti anayefanya kazi Nakonde na kulala Tunduma "anapata" saa moja asubuhi na kuipoteza jioni. Ila kwenye uzalishaji ni balaa.

Simu ikinasa mnara wa ng'ambo inabadili saa yenyewe, hata ukiwa umekaa Tunduma. Waigizaji wa ziada wanakuja wakiwa wamechelewa saa nzima na kila mmoja anaapa kawahi. Zimeni saa ya kujibadili kwenye simu zote, na ratiba iandikwe juu kabisa "SAA ZA TUNDUMA". Anayetumia simu kupiga baadhi ya picha ndiye mwenye hatari zaidi, mafaili yake yatajipanga mbele au nyuma ya yale ya kamera kuu, na edita atatafuta teki ya jioni kwenye folda ya mchana.

Saa za ukutani nazo. Juni jua linazama Tunduma saa kumi na mbili na nusu hivi jioni. Jua lile lile, kwenye ukuta wa duka la Nakonde inatakiwa isomeke kumi na moja na nusu. Mtazamaji wa Dar hataona, wa Tunduma ataona kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Pleti za magari: za kwetu binafsi ni za njano, za biashara nyeupe, zinaanzia na T. Za Zambia ni herufi tatu na namba. Hapa kuna tabaka la bure kabisa ambalo hakuna anayelitumia. Gari la pleti ya njano likipita katikati ya malori, kila mtu anajua huyo hayuko kazini. Msikodi teksi ikawa ndiyo gari la familia ya bosi, pleti nyeupe inawasaliti.

Simu ikionyeshwa kioo, namba ya Zambia ianze na +260. Kama hadithi yenu iko kabla ya 2013, kwacha ina sifuri tatu zaidi. Waliziondoa Januari 2013, noti ya 50,000 ikawa 50. Na kabla ya 2016 hakuna Mkoa wa Songwe, Tunduma iko Mkoa wa Mbeya, kwa hiyo kibao cha ofisi ya serikali kiandikwe hivyo. Kituo cha pamoja hakipo pia, lori linasimama huku, linavuka, linasimama tena kule.

---

Mzee wa Soko Matola

Vijana, mmeongea vizuri. Nina neno juu ya hoja ya mwanzisha uzi. Kusubiri ni sawa, lakini kwa Mswahili tabaka linaanza kwenye salamu, kabla ya foleni. Angalieni tingo wa miaka 50 na mtoto wa mwenye lori wa miaka 24. Kwa desturi kijana ndiye anayetoa shikamoo. Kijana huyu anashuka kwenye gari anasema "mambo vipi", na yule mtu mzima anajibu "salama bosi" huku akifuta mikono kwenye suruali. Basi. Onyesho limekwisha, hamna haja ya kuongeza mstari.

Mkitaka kulisokota zaidi, mleteni mama wa kijana. Mbele ya mama yake, kijana yule yule anampa mzee shikamoo yenye heshima zote. Mzee anaitikia "marahaba" bila kumtazama.

Na mwigizaji asiigize unyonge. Tingo hajikunji mbele ya watu, ana utani wake, anajua lori kuliko mwenye lori. Filamu zetu zinamfanya mfanyakazi wa chini awe mjinga ili zituchekeshe, halafu dakika ya 80 zinataka tumlilie.

---

Jicho la Vwawa

Shikamoo mzee. Hapo sina ubishi, naongeza jambo la kamera tu: hiyo salamu ipigwe kwa fremu moja inayowachukua wote wawili toka kichwani hadi magotini. Ukikatakata sura na sura, mkono unaofutwa kwenye suruali unapotea.

---

Lumbesa Noma

Kwa walioko Iringa, Njombe na Mbeya vijijini, mpaka unaanzia shambani. Mhusika mkulima mleteni na gunia la lumbesa. Gunia la viazi linatakiwa lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanalipigia kelele kila msimu, lakini mnunuzi anashona kilemba juu, linapanda kilo 120 na zaidi, bei inabaki ya gunia moja. Mkulima anajua, mnunuzi anajua.

Kwa kamera: pigeni sindano na kamba ya katani inavyovuta wavu juu ya viazi. Fundi halisi anashona haraka sana, kwa hiyo tumieni mshonaji wa kweli kwa mikono, sura iwe ya mwigizaji. Gunia la mfano wekeni maranda na pumba katikati, viazi pembeni na juu, lishuke kilo 40 hivi, la sivyo mbebaji ataumia mgongo teki ya nne. Ila mbebaji aelekezwe atembee kama amebeba 120: goti halinyooki kabisa, hatua fupi, na hageuzi shingo akiitwa. Anageuka mwili mzima.

---

Kyela kwa Damu

Mimi nawashangaa wote mnaong'ang'ania Tunduma. Nendeni Kasumulu. Mpaka wetu na Malawi ni Mto Songwe, na mto huo unahama. Mafuriko yakija unakata njia mpya tambarare, shamba lililokuwa huku linaamkia ng'ambo. Serikali zote mbili zina mradi wa pamoja wa bonde la mto huo, na kuutuliza mkondo ni moja ya sababu zake. Mnataka drama gani tena? Mwenye hati na fedha za mwanasheria shamba lake "limehama" kwenye karatasi tu. Asiye na hati limehama kweli.

Watu ni wale wale. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wanasikilizana lugha, wanaoana, wanazikana. Msiba ukitokea ng'ambo hakuna anayeuliza pasipoti ya jeneza. (Wakala usinijibu, najua utaratibu upo.)

Tahadhari: Kyela siyo Mbeya. Mko bondeni, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari wakati Mbeya mjini iko kwenye 1,700 hivi. Joto, unyevu, mbu. Machi hadi Mei msithubutu, mvua haiombi radhi na barabara za mashambani zinakuwa tope. Njooni Agosti hadi Oktoba, mto ukiwa chini na kingo zinaonekana zilivyokatwa. Ukitoa kamera kutoka baridi ya Mbeya usiku ukaifungua Kyela asubuhi, lenzi inaota ukungu. Iacheni ndani ya begi lililofungwa saa moja mpaka ilingane na hewa. Kwenye maji wekeni mtu mwenye kamba na anayejua mto, mamba ni wa kweli.

---

Binti wa Mwanjelwa

Kaka Jicho, na mwanga? Kila nikiona picha za Tunduma mbingu ni nyeupe na sura za watu nyeusi.

---

Jicho la Vwawa

Ni hesabu dada. Kamera nyingi zinapendeza kwenye ISO 800, yaani usikivu wake kwa mwanga. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo unapiga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde ili taa zisipepese. Ukitaka f/2.8 kwenye jua la mchana, mwanga umezidi kwa stopu 9, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Bila kichujio cheusi mbele ya lenzi huwezi, na wengi wanapandisha shata juu sana. Picha inakuwa ya kukatakata na taa za LED za maduka zinaanza kuchora mistari. Nunua kichujio kabla ya kununua lenzi ya pili.

Kwa sura: pima mwanga kwenye shavu, siyo kwenye fremu nzima. Malori meupe na vizibao vya kung'aa vinaidanganya kamera inazima kila kitu. Na usibebe rifleta kubwa wakati umezungukwa nazo. Tela jeupe likiwa mita tatu kutoka kwa mwigizaji, jua likilipiga, linarudisha mwanga mlaini kuliko taa ya kukodi. Mpange mwigizaji ageukie tela.

Vumbi la Septemba na Oktoba: lenzi ibadilishwe ndani ya gari vioo vimefungwa, na usifute kioo kwa kitambaa kabla ya kukipuliza. Chembe moja ya mchanga inatosha kukikwaruza.

---

Edita wa Block T

Nimalizie upande wangu. Mafaili ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde yanakula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90, ukipiga mara nane ya unachohitaji, ni saa 12, yaani gigabaiti 540 kwa kamera moja. Nakala tatu ni terabaiti 1.6. Nakala mbili zisilale nyumba moja. Na kadi isifutwe mpaka mtu mwingine, siyo aliyenakili, afungue mafaili matatu ya mwanzo, katikati na mwisho ayaone yanacheza.

Maandishi ya chini: filamu hii itakuwa na Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kiingereza. Wekeni yote yalivyosemwa. Mtu wa Nakonde akiongea Kiswahili cha Kinondoni filamu imeshakufa. Mistari miwili tu kwa wakati, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na zikae angalau sekunde moja kwa kila herufi 15. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kata maneno ya kujaza, usipunguze ukubwa wa herufi. Watu watatazama kwenye simu ndani ya basi.

Halafu ile picha ya shaba ya sekunde 20, mtaombwa muifupishe iwe 6. Wekeni sauti ya barabara iingie sekunde mbili kabla ya picha, mtaona hakuna atakayeomba tena.

---

Tingo Mstaafu

Swali dogo kwa Kontinyuti. Onyesho la wabadilisha fedha linahitaji mabunda ya kwacha na shilingi. Tunaweza kutoa kopi ya rangi?

---

Kontinyuti Hailali

Usithubutu. Kunakili noti ni kosa hata kama unaigiza, na Tunduma kopi hiyo itakuwa sokoni kabla ya chakula cha mchana. Noti halisi moja juu na moja chini, katikati karatasi tupu zilizokatwa kwa kipimo cha noti hiyo hiyo, mpira wa bendi ukae katikati. Karatasi zikunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa kwanza, maana bunda la karatasi mpya linanyooka sana na kingo zake ni nyeupe mno. Kwa picha ya karibu ya kuhesabu, tumia noti halisi 15 za thamani ndogo, ziandikwe namba zake kabla na zihesabiwe baada ya kila teki mbele ya watu wawili. Na umpate anayejua kuhesabu kwa dole gumba, mkono mmoja.